Dumu, vizibo na mifuko ya saruji: shajara ya vinyago vya tamasha

Jumamosi, kuchambua

Malighafi imetosha, sasa kazi inaanza. Madumu ya njano na ya bluu yamesimama upande mmoja wa karakana. Pembeni yake kuna rundo la mifuko mitupu ya saruji, gunia la vizibo vya soda, spoki za baiskeli, tyubu za matairi zilizochoka viraka, makopo, nyaya za simu zenye maganda ya kila rangi, vitufe vya kibodi za kompyuta, nyavu za chuma za spika mbovu na vipande vya godoro la sponji. Vyote vilikuwa njiani kwenda jalalani. Kikundi cha ngoma kimeniagiza vinyago vitano vya maandamano ya tamasha, na tumekubaliana kwamba hakitanunuliwa kitu kipya ila uzi, ribiti na unga wa kupikia gundi.

Leo sijakata chochote. Nimechambua tu, na hii ndiyo kazi ambayo wanaojifunza hupenda kuiruka. Kinyago hukaa kwenye ngozi, puani na mdomoni mwa mtu anayehema kwa nguvu na kutoka jasho. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila chombo si kama kina umbo zuri. Ni kwamba kilibeba nini. Dumu lililobeba dawa ya kuua wadudu au asidi ya betri linatoka nje ya karakana hata kama lina sura ya kupendeza kuliko yote. Dawa hunywewa na plastiki, na sabuni haiitoi. Dumu lisilo na lebo nalifungua, naliacha juani na kizibo wazi, kisha nanusa kwa mbali. Likinuka kitu nisichokitambua, halipiti.

Chini ya kila chombo natafuta pembetatu yenye namba. Namba 2 ni polithini nzito, ile ya madumu mengi ya mafuta ya kupikia na maji. Hiyo naipenda, inakatika vizuri na haipasuki ovyo. Namba 3 ni PVC, ndugu wa mabomba ya maji. Hiyo naweza kuikata kwa msumeno lakini siipitishi karibu na moto, kwa sababu ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Mbao za milango ya zamani zenye rangi inayobanduka nimezirudisha nilikozitoa. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake likipigwa msasa huingia kwa mpigaji na kwa yeyote anayekaa jirani.

Kilichobaki baada ya kuchambua ni kama nusu ya nilichokusanya. Nusu hiyo ni safi, na naijua.

Jumapili, vichwa

Wachezaji wamekuja kupimwa. Nimepima mzunguko wa kichwa juu ya nyusi, sikio hadi sikio kupitia utosini, nyusi hadi kidevu, na mboni hadi mboni. Kwa watu wazima wengi nafasi ya mboni hukaribia milimita 63, lakini kinyago hakivaliwi na watu wengi, kinavaliwa na mmoja. Tundu la jicho likihama nusu sentimita tu, mchezaji anaona kwa jicho moja usiku kucha.

Baada ya kupima nimewaomba wacheze bila kinyago, mbele yangu, kama watakavyocheza siku yenyewe. Hapo ndipo nilipopata michoro yangu, si kwenye daftari. Mzee wa kikundi hucheza ameinama, kidevu kifuani, halafu ghafla anainua uso. Mama anayeongoza waimbaji huzungusha shingo kwa kasi. Binti mdogo, ambaye ni mara yake ya kwanza kuandamana na wakubwa, anaruka, na kila akiruka anaangalia chini.

Nikamuuliza mzee anataka kinyago cha namna gani. Nilitegemea aniambie habari za pembe au ndevu. Akasema, “Mwanangu, mimi sichezi kwa macho. Nacheza kwa masikio. Usinizibe masikio.” Binti naye, kwa sauti ya chini akiwa nyuma ya mama yake: “Shikamoo fundi. Mimi nataka nione miguu yangu.”

Nimeyaandika maneno hayo ukutani kwa chaki, juu ya meza ya kazi. Watazamaji wataona nje, lakini kinyago cha ngoma huanzia ndani: pumzi inapitia wapi, jicho linatokea wapi, uzito unakaa wapi. Kinyago kinachotengenezwa kuanzia nje hufaa kutundikwa. Kikivaliwa, mchezaji hukibeba kama adhabu, na mwili wake unakuwa mgumu, na watu wanaoutazama wanajua hata kama hawajui kwa nini.

Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wanalijua jambo hili tangu zamani. Kinyago chao cha mapiko ni cha kichwa kizima, kinachongwa kwa mti mwepesi hadi kuta zake zinakuwa nyembamba, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago, si macho yake. Kwa hiyo uso wa kinyago huinuka juu ya uso wa mtu, na kiumbe kinachocheza kinakuwa na shingo ya ajabu isiyo ya mwanadamu. Wazo hilo la kuona kupitia mdomo ndilo nitakalompa mzee anayeinama. Akiinama, kinyago kitatazama watu. Akiinua uso, kitatazama mbingu.

Jumatano, dumu

Dumu la njano la lita 20 ni la mzee. Nimeligeuza kila upande kabla ya kuweka kisu, kwa sababu dumu lina uso tayari: mpini ni pua, shingo ya kizibo ni mdomo ulio wazi, na mistari ya kuongezea nguvu ubavuni ni chale. Kazi yangu ni kuondoa kinachozuia uso huo usionekane.

Msanii aliyenifungulia macho katika hili ni Romuald Hazoumè wa Benin, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1962. Madumu anayoyageuza vinyago ni yale ya wabeba petroli ya magendo kutoka Nigeria, ambao huyapasha moto ili yavimbe na kubeba zaidi ya ujazo wake. Mwaka 2007 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilionyesha kazi yake ya vinyago 304 vya madumu, vilivyopangwa kwa umbo la meli ya watumwa iliyosheheni watu. Vinyago vyake ni vya kutazamwa, vyangu ni vya kuvaliwa, lakini nimejifunza kwake kutolificha dumu. Mtu akiona kinyago aseme “hilo ni dumu” na “huyo ni mtu” kwa wakati mmoja. Nikilipaka hadi lisijulikane, ningeweza kutumia kitu kingine chochote.

Kukata: nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito, nikatoboa tundu kila kona kwa drili ya mkono, ndipo nikaunganisha matundu kwa kisu kikali. Tundu la duara kwenye kona huzuia ufa usiendelee. Kona iliyokatwa kwa ncha kali ndiko plastiki inakoanzia kupasuka siku mchezaji akianguka. Mgongo wa dumu nimeutoa wote ili kichwa kiingie. Shingo ya kizibo nimeipanua kwa chini hadi ikawa mdomo wa upana wa vidole vinne, hapo mzee ataonea na kuhemea.

Kingo zilizokatwa zina makali kuliko zinavyoonekana. Nimezipitisha tupa, kisha msasa, kisha nikazipitishia upande wa ndani wa mkono wangu, pale ngozi ilipo laini. Pale ngozi yangu ilipokwaruzika nilirudia. Mwisho nikazivika ukanda wa tyubu ulioshonwa kwa uzi wa nailoni kila baada ya sentimita moja, kwa kutumia shazia ileile ya kushonea magunia.

Mashavu yalihitaji kupinda kuingia ndani. Siyapitishi kwenye moto wa wazi. Nayazamisha kwenye maji yanayochemka, nayapinda kwa mikono yenye glavu nene, nayashikilia kwenye maji baridi hadi yakubali. Polithini hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, kwa hiyo maji ya nyuzi joto 100 huilainisha bila kuiharibu, na hakuna moshi.

Masikio. Nimekata matundu mawili makubwa ubavuni na kuyafunika kwa nyavu za chuma za spika mbovu. Sauti inapita, na kwa nje yanaonekana masikio makubwa ya mtu anayesikiliza sana. Ndani ya dumu pumzi huvuma, na mvumo huo ungemfanya asisikie ngoma ya chini. Kwa hiyo nimebandika sponji utosini na kisogoni. Inanyonya mvumo na inashika kichwa pia.

Ijumaa, rangi

Nilijaribia rangi kwenye vipande vilivyobaki. Polithini haipendi rangi. Unaipaka inapendeza, unaikuna kwa ukucha inatoka kama ganda. Zipo njia: kupiga msasa hadi mng’aro wote uondoke, au kupitisha ulimi wa moto upesi juu yake bila kuuacha usimame, maana moto hubadilisha ngozi ya juu ya plastiki na rangi ikapata pa kushika. Njia ya pili inafanya kazi vizuri, na viwanda huitumia.

Lakini nimeamua dumu la mzee lisipakwe. Njano yake imechujuka kwa jua, upande mmoja umefifia kuliko mwingine, na karibu na mpini kuna weusi wa viganja vya watu waliolibeba miaka yote hiyo. Hakuna rangi ya kopo inayoweza kutoa weusi ule. Rangi nyingine zitatoka kwenye vitu vyenyewe: nyusi za nyaya nyekundu na nyeupe zilizosukwa, meno ya vitufe vya kibodi vilivyofungwa kwa waya kupitia matundu mawili mawili ili visidondoke.

Ndevu zimetoka kwenye gunia la plastiki lililofumuliwa uzi mmoja mmoja. Ni kazi ya subira, na mama wa waimbaji amenisaidia huku akijaribu nyimbo.

Jumatatu, karatasi

Cha binti ni cha karatasi, kwa sababu hakuna kitu chepesi kuliko hicho kati ya nilivyo navyo.

Jacmel, mji wa kusini mwa Haiti, unajulikana kwa vinyago vya kanivali vya karatasi, na mafundi wa huko hutumia karatasi ya mifuko ya saruji. Nilipoanza kuitumia nilielewa sababu. Nyuzi zake ni ndefu, haichaniki ikilowa, na ikikauka inakuwa ngumu kama ganda la kibuyu. Ila mfuko hautumiki hivihivi. Saruji iliyobaki ikikutana na maji huchoma ngozi, tena taratibu, hadi ujue imeshakula. Kwa hiyo mifuko nimeikung’uta nje, upepo ukiwa mgongoni na kitambaa kikiwa puani, nikatupa tabaka la ndani lililogusana na saruji, nikabaki na la katikati na la nje, nikavifuta kwa kitambaa kibichi, nikavianika.

Gundi ni ya unga wa ngano uliokorogwa kwanza kwa maji baridi, kisha ukamiminwa kwenye maji ya moto na kupikwa hadi ukawa mzito na kung’aa. Wanga huanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 hivi. Gundi isiyofika hapo hubaki maji meupe kama chokaa tu na haishiki. Nimeongeza chumvi kuchelewesha ukungu.

Karatasi inachanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi zilizotokeza, na nyuzi hizo hulala juu ya tabaka la chini bila kuacha ngazi. Nimetengeneza uso wa udongo wa mfinyanzi kwa vipimo vya binti, nikaupaka mafuta, nikaanza kubandika: tabaka la mfuko wa saruji, tabaka la gazeti, tena mfuko, tena gazeti. Nabadilisha hivyo ili jicho lijue wapi nimepitia na wapi bado. Baada ya tabaka mbili naacha likauke kivulini kabla ya kuendelea. Juani linakauka nje na kubaki bichi ndani, halafu linapinda.

Halafu sharti lake. Mtu aliyevaa kinyago hupoteza miguu yake kwanza. Matundu ya macho humwonyesha mbele lakini si chini. Nimekata kinyago cha binti kiishie juu ya mdomo, na chini ya kila jicho nimepanua tundu kuelekea shavuni, likawa na umbo la chozi. Kwa mtazamaji ni pambo. Kwa binti ni dirisha la kuonea vidole vyake vya miguu.

Alhamisi, vizibo

Kizibo cha soda kina meno 21. William Painter, aliyekibuni Marekani na kupata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1892, alikianza na meno 24. Meno hayo ndiyo yanayoleta mlio: vikining’inia viwili viwili, mgongo kwa mgongo, hugongana kwa sauti kavu ya juu ambayo ngoma haiwezi kuimeza.

Kilemba cha mama kitakuwa cha vizibo vyote hivyo. Kimoja kina uzito wa gramu mbili na kidogo, hakuna anayekihesabu kuwa mzigo. Lakini vizibo 400 vinakaribia kilo moja, na kilo moja juu ya shingo inayozunguka kwa kasi si kilo moja tena. Nilikaa nikitafakari hili muda mrefu. Suluhisho ni mahali, wala si idadi peke yake: vizibo vingi vimeshuka kisogoni na mabegani, vikining’inia kwenye kitambaa kinachobebwa na mabega, na paji la uso limebaki na safu moja tu iliyopondwa bapa. Uzito wa mbele huvuta kidevu chini na kuchosha misuli ya shingo. Uzito ukigawanywa nyuma na mbele, kichwa kinasimama chenyewe.

Kila kizibo nimekitoboa kwa msumari juu ya gogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha nikaponda vichomozo kwa nyundo. Mpira au plastiki ya ndani nimeibandua kwenye vile vinavyopaswa kulia na kuiacha kwenye vile vinavyopaswa kunyamaza. Hivyo kilemba kina pande mbili za sauti. Mama akigeuka kushoto kinalia, akigeuka kulia kinanong’ona. Ameshaanza kulitumia hilo kwenye wimbo.

Vinyago viwili vya vijana ni vya makopo na spoki, ndege na fahali, vimeenda haraka. Bati la kopo ni jembamba mno kuachwa na ukingo wazi, kwa hiyo kila ukingo umekunjwa mara mbili na kupondwa. Macho ya fahali ni balbu zilizoungua, wazo la mafundi wa kanivali ya Oruro kule Bolivia, ambao vinyago vyao vya mashetani vimekuwa na macho ya balbu. Mimi nimezijaza pamba na kuzivika wavu mwembamba, ili zikipasuka vigae visimfikie mtu.

Jumamosi, mazoezi

Wamecheza navyo kwa mara ya kwanza, vazi zima, ngoma zote. Mimi nilikaa chini na daftari nikiangalia shingo na mabega, si vinyago.

Mzee alicheza wimbo wa kwanza kwa tahadhari, wa pili akasahau. Akainama, mdomo wa dumu ukatazama waliokaa mbele, akainua uso ghafla, ndevu za gunia zikaruka. Watoto walipiga yowe. Alipovua alikuwa amelowa chapachapa, akasema anasikia vizuri ila joto linapanda kichwani. Hewa ya moto hupanda, na utosi wa dumu ulikuwa umefungwa. Nimetoboa safu ya matundu pale juu, chini ya kivuli cha mpini, ambako hayaonekani. Sasa hewa inaingia mdomoni na kutokea juu yenyewe.

Kamba za tyubu zimeshika, ila zinavuta nywele. Nimezishonea ala ya kitambaa cha pamba. Sponji nimeifunika kwa pamba pia, na nimeifunga kwa vishikizo ili itolewe na kufuliwa baada ya kila siku ya maandamano. Jasho likibaki humo, kinyago kinakuwa ugonjwa.

Binti aliruka juu kuliko siku ile alipokuja kupimwa. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. Alikuwa akiona chini bila kuangalia chini.

Jumanne, kukabidhi

Vinyago vyote vitano vimeondoka karakana. Cha binti kimepata tabaka mbili za vanishi nje na ndani kwa ajili ya mvua, kikakaa kwenye upepo hadi harufu ikaisha kabisa. Nimemwachia mkanda wenye matundu ya akiba, kwa kuwa kichwa chake bado kinakua.

Kwa kikundi nimeandaa mfuko mdogo wa matengenezo, nao umekabidhiwa mama: shazia na uzi wa nailoni, vipande vya tyubu, waya laini, koleo, vizibo vya akiba vilivyokwisha kutobolewa, karatasi ya mfuko wa saruji na unga wa gundi uliopimwa kwenye kikopo. Nimemfundisha kijana mmoja wa kikundi kubadilisha kamba na kushona ukingo uliofumuka. Amejaribu mbele yangu kwenye kinyago cha ndege, na mshono wake umekaza.

Mpini wa dumu la mzee una ufa mdogo wa zamani upande wa kushoto, uliokuwepo tangu dumu lilipokuwa likibeba maji. Nimeutobolea tundu mwishoni usiendelee, na nimewaonyesha wote. Dumu lishikwe kwa mdomo, lisibebwe kwa pua.